Luteni Anayepikwa Chuo Kikuu

Majeshi mengi humpata ofisa kwa moja ya njia tatu. Kijana aliyemaliza sekondari huchukuliwa na kufungiwa miaka kadhaa kwenye chuo cha jeshi lenyewe, kama West Point kule Marekani. Au husubiriwa amalize shahada yake uraiani, kisha akapelekwa kozi ya kijeshi. Waingereza hufanya hivyo Sandhurst: kozi ni wiki 44, na wengi wanaoripoti huwa tayari wana digrii mkononi. Au sajenti aliyekwishakula chumvi jeshini hupandishwa na kuvishwa nyota. Njia ya nne ni ngeni kwa wengi wetu Afrika Mashariki. Humo kijana hubaki chuo kikuu cha kawaida, akasoma uhasibu, uuguzi au jiografia, akalala hosteli pamoja na wenzake wasio na habari na jeshi, huku akifundwa uofisa pembeni kwa miaka minne. Siku ya mahafali chuo humpa shahada, na jeshi humpa kamisheni kwa jina la rais.

Marekani mpango huo hujulikana kwa kifupi cha ROTC. Jina lake rasmi linataja maofisa wa akiba, lakini wengi wa wahitimu wake huingia jeshi la kudumu, na ndiyo njia inayoliletea jeshi la nchi kavu la Marekani maluteni usu wengi kuliko nyingine yoyote. West Point yenyewe, pamoja na sifa zake zote, huhitimisha watu kiasi cha 1,000 tu kwa mwaka. Mzazi akisikia habari hizi kwa mara ya kwanza hudhani ni suala la ada: jeshi linalipa, mtoto anasoma, mambo yamekwisha. Ada ina nafasi yake na nitaifikia. Ila ukiufuatilia mpango huu tangu ulipozaliwa utaona kwamba ugomvi mkubwa umekuwa juu ya majirani: ofisa afundwe akiwa amezungukwa na nani? Na juu ya jambo la pili, ambalo kila nchi iliyojaribu imelipia gharama ya kulipuuza: je, kijana ana ruhusa ya kuondoka?

Tuanze na wiki ya kawaida. Asubuhi kama tatu kila wiki, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ofisa mwanafunzi yuko uwanjani kwa mchakamchaka na pushapu. Saa mbili yuko kwenye somo la biolojia, nywele bado mbichi. Mara moja au mbili kwa wiki ana kipindi cha sayansi ya kijeshi kinachofundishwa na kepteni au meja aliye kazini. Mkuu wao, kwa kawaida luteni kanali, hupewa na chuo cheo cha Profesa wa Sayansi ya Kijeshi, na wahadhiri waliotoka jasho miaka kumi na tano kuupata uprofesa hawajawahi kulipokea jambo hilo kwa tabasamu. Alasiri moja ya wiki huvaliwa kombati: kwata, kusoma ramani na dira, kupanga mashambulizi ya kikosi kidogo kwenye kichaka nyuma ya maktaba. Kila muhula kuna wikiendi moja ya porini. Kati ya mwaka wa tatu na wa nne wote hupelekwa Fort Knox, jimbo la Kentucky, kwa zaidi ya mwezi mmoja. Huko kila mmoja hupewa zamu ya kuongoza wenzake waliochoka, usiku, mvua ikinyesha, mpimaji akiandika kila kosa. Alama za Fort Knox zikijumlishwa na alama za darasani na za mazoezi ya viungo, hupangwa orodha ya nchi nzima. Orodha hiyo huchangia kuamua nani aende jeshi la kudumu na nani akiba, nani awe mtu wa miguu, nani wa mawasiliano, nani wa tiba.

Jambo moja kwenye utaratibu huo halizungumzwi vya kutosha. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu huwaongoza wa mwaka wa kwanza, lakini hana kitu cha kuwatisha nacho. Hakuna mahabusu ya kambini, hakuna adhabu ya kuruka kichura mbele ya bendera hadi jua litue. Yule wa mwaka wa kwanza asiye na mkataba anaweza kuamka Jumatano akasema basi, akarudi kulala, na hakuna wa kumfuata. Jioni watakutana kwenye foleni ya chakula. Kiongozi wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba amri inahitaji sababu, na kwamba mtu akikufuata kwa hiari yake jana si lazima akufuate kesho. Kambi ya kawaida humfundisha ofisa mambo mengi vizuri zaidi, yakiwemo kulenga shabaha, kutembea na mzigo na kuvumilia, lakini hilo moja kambi hulifundisha kwa shida.

Mizizi ya mpango ni ya zamani. Alden Partridge, aliyewahi kuwa mkuu wa West Point, aliondoka huko akiwa na kinyongo, na mwaka 1819 akaanzisha chuo chake Norwich, Vermont, ambako masomo ya kiraia na ya kijeshi yalifundishwa pamoja. Aliamini kwamba jamhuri ikiliachia kundi dogo lililojifungia kazi ya kuongoza majeshi, inajitafutia mabwana wapya. Wazo lake lilipata nguvu ya sheria Julai 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Abraham Lincoln aliposaini Sheria ya Morrill. Kila jimbo lilipewa ekari 30,000 za ardhi ya shirikisho kwa kila seneta na kila mbunge wake, liuze, na fedha zijenge vyuo vya kilimo na ufundi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wa asili, habari ambayo vyuo vyenyewe vimeanza kuisema hadharani juzijuzi tu. Sheria ilitaka vyuo hivyo vifundishe pia mbinu za kijeshi. Cornell na Ohio State ni matunda yake. Miaka 54 baadaye, Ulaya ikiwa inateketea, Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya Juni 3, 1916 ilikusanya mafunzo hayo yaliyotawanyika chini ya mpango mmoja, na ROTC ikazaliwa. Jeshi la majini lilifuata 1926, la anga 1946.

Hadi hapo hadithi ni nyoofu. Tatizo lilikuwa kwamba vyuo vingi vilivyotokana na ardhi ile vililazimisha kila mwanafunzi wa kiume apige kwata miaka miwili, apende asipende. Wanafunzi wa Kimethodisti wa Chuo Kikuu cha California waliokataa kwa sababu za dini walifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1934 wakashindwa: mahakama ilisema chuo cha serikali kina haki ya kuweka sharti hilo. Kisheria jeshi lilishinda. Kiutendaji lilibaki na makundi ya vijana wanaohesabu dakika, na makapteni waliotumia nguvu zao kuwafukuza usingizi watu ambao hawatakuwa maofisa kamwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyuo vilianza kuulegeza ulazima huo, na sheria ya 1964 ikageuza mkakati wote: badala ya kulazimisha wengi, jeshi lingetoa ufadhili kwa wachache wanaotaka.

Kisha ikaja Vietnam. Katika miaka ile kijana aliyekuwa hatarini kuitwa jeshini kama askari wa kawaida aliona afadhali ajiunge na ROTC, aahirishe, na akienda aende na nyota begani. Wenzake waliopinga vita waliiona ROTC kama mlango ambao vita ilipitia kuingia chuoni, na hawakukosea sana. Harvard, mapema 1969, baraza la wahadhiri liliiondolea ROTC hadhi ya somo la chuo na walimu wake hadhi ya kitaaluma. Miezi michache baadaye wanafunzi walilivamia jengo la utawala. Mei 2, 1970 jengo la ROTC la Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, liliteketezwa kwa moto. Siku mbili baadaye askari wa Walinzi wa Taifa walifyatua risasi kwenye kampasi hiyo, wakaua wanafunzi wanne na kujeruhi tisa. Kuandikishwa kwa lazima kulipokoma 1973, wale waliokuwa wakijificha humo walitoweka, na idadi ikaporomoka.

Harvard, Yale na Columbia zilibaki bila ROTC kwenye kampasi zao kwa takriban miaka 40. Baadaye sababu ilibadilika: vyuo vilisema havitakaribisha mwajiri anayewabagua mashoga, kwa kuwa sheria ya wakati huo iliwakataza kutumikia jeshini waziwazi. Bunge lilipoifuta sheria hiyo Desemba 2010, haikupita mwaka kabla Harvard, Columbia na Yale hazijatia saini makubaliano ya kuirudisha. Katika miongo ile minne mzani wa uofisa ulihamia majimbo ya kusini na ya katikati, kwenye vyuo vya umma visivyo na makuu. Wapo wanaosema jeshi halikupoteza kitu. Nadhani vilivyopoteza ni vyuo vyenyewe: vililea vizazi viwili vya mawaziri, majaji na wahariri ambao hawakuwahi kukaa darasa moja na mtu aliyejua siku yake ya kwenda vitani.

Mtu anayetajwa kila mpango huu unapotetewa ni Colin Powell, na kwa kweli mfano wake una mafunzo kuliko sifa. Alizaliwa Harlem 1937, wazazi wake wahamiaji kutoka Jamaika. Mwaka 1954 aliingia City College ya New York, chuo cha umma cha watoto wa wafanyakazi, akaanza uhandisi, ukamshinda, akahamia jiolojia. Alama zake zilikuwa za C, na hata hizo zilibebwa na A za ROTC. Sare ndiyo iliyomvuta kwanza, na kikundi cha wapiga kwata kilichompa marafiki. Alipata kamisheni 1958, akaenda Vietnam mara mbili, na 1989 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza, na mhitimu wa kwanza wa ROTC, kushika uenyekiti wa wakuu wa majeshi. West Point isingemchukua kijana yule, maana kwenye karatasi hakuwa na kitu cha kuonyesha. ROTC ilimpata kwa sababu ilikuwa imejiweka barabarani anakopita. Hata chuo chake kiliikosa ROTC kuanzia miaka ya 1970 hadi iliporudi 2013, na hakuna anayeweza kutuambia ni akina Powell wangapi walipita City College katika muda huo wakaenda zao.

Wasomi nao wameligombania jambo hili. Samuel Huntington, katika kitabu chake cha 1957 kuhusu askari na dola, alitaka ofisa awe mtaalamu aliyejitenga: mpe uwanja wake, asiingilie siasa, nasi tusimwingilie. Miaka mitatu baadaye Morris Janowitz alijibu kwamba jeshi likijitenga mno na jamii, siku moja litaona jamii haina maana. ROTC inamfaa Janowitz. Mimi namwelekea Janowitz pia, ila Huntington ana swali ambalo watetezi wa ROTC hulikwepa: je, chuo ndicho kinachomlainisha ofisa, au ni ofisa anayekizoesha chuo kuyaona mambo ya kijeshi kuwa ya kawaida? Jibu hutegemea nchi, na ndiyo maana inafaa kutoka Marekani.

Uingereza ina vikosi vya mafunzo ya uofisa vyuoni tangu mageuzi ya waziri Richard Haldane ya 1908. Mwanafunzi hulipwa kwa siku anazohudhuria, hupata mafunzo ya awali, hucheza michezo, na akihitimu hana deni lolote kwa jeshi. Wengi huishia kuwa mawakili na wahasibu. Kwa mtazamo wa bajeti ni hasara, lakini nchi inapata raia maelfu wanaojua jeshi ni kitu gani, na wale wanaoendelea hadi Sandhurst huenda macho wazi.

Ufilipino ni kinyume chake kabisa. Huko mafunzo yalikuwa ya lazima kwa wanafunzi wa kiume wa vyuo kwa miongo mingi. Ulazima ulizaa kile ambacho ulazima huzaa: mwanafunzi akitoa kitu kidogo, anahesabiwa amehudhuria. Mwaka 2001 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Santo Tomas, Manila, aliyefichua ufisadi wa kitengo chake, alikutwa ameuawa, mwili wake ukielea kwenye mto Pasig. Hasira ya wanafunzi ililisukuma bunge kutunga sheria iliyoifanya ROTC kuwa hiari, mwanafunzi akiruhusiwa kuchagua huduma za kijamii au kufundisha kusoma na kuandika. Tangu hapo wanasiasa wa Manila wamekuwa wakijaribu kuurudisha ulazima kila baada ya uchaguzi.

Korea Kusini, iliyoanzisha mpango wake 1961, inasumbuliwa na hesabu tupu. Askari wa kulazimishwa wa jeshi la nchi kavu hutumikia miezi 18. Anayepitia ROTC akawa ofisa hutumikia 28. Zamani tofauti hiyo ilifidiwa na heshima, na makampuni makubwa yaliwapenda maofisa wastaafu vijana. Mishahara ya askari wa kawaida imepanda, heshima imeshuka, na waombaji wamepungua sana.

Sasa turudi nyumbani. Afrika Mashariki haina ROTC, lakini ina kumbukumbu ya kampasi na kambi kukutana vibaya, na asiyeijua kumbukumbu hiyo asipendekeze lolote. Tanganyika ilianza na maasi ya askari ya Januari 1964, yaliyolazimu jeshi la kikoloni livunjwe na JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, iundwe upya Septemba mwaka huo. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado chuo kishiriki, waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao, wakipinga sheria ya kuwapeleka wahitimu JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa miaka miwili, sehemu kubwa yake wakifanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango moja lilisema enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika kuliko wakati mwingine wowote unaokumbukwa. Aliukata mshahara wake kwa asilimia 20 na kuwarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300. Ni kweli JKT si mafunzo ya uofisa. Lakini mgogoro ulikuwa uleule wa California: msomi anayesema hakuulizwa, na dola inayosema msomi ana deni. Miezi michache baadaye lilikuja Azimio la Arusha, na wanahistoria wengi huiona siku ile ya majoho kama moja ya chachu zake. JKT ya lazima ilisitishwa 1994, ikarejea 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita.

Kenya ina jeraha lake. Agosti 1, 1982 askari wa vyeo vya chini wa jeshi la anga walijaribu kupindua serikali, na baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakajitokeza barabarani kushangilia. Chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Kiongozi wa wanafunzi, Titus Adungosi, alihukumiwa miaka kumi na akafia gerezani. Kuanzia 1984 serikali iliwalazimu wanaoingia chuo kikuu wapitie kwanza kambi za huduma ya vijana, NYS, kwa matumaini kwamba jasho la kambi ya Gilgil litawatoa siasa kichwani. Halikuwatoa, kizazi kilichopita huko ndicho kilichosimama mbele ya polisi kudai vyama vingi. Mpango ulifutwa 1990.

Ukitaka kichekesho cha historia, tazama upande mwingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuwahi kufundisha uofisa, lakini Yoweri Museveni alihitimu hapo 1970, akiwa ameshatembelea maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO pamoja na wanafunzi wenzake, na John Garang alipita hapo baada ya shahada yake ya Grinnell, Iowa. Makamanda wawili wa vita virefu vya msituni walikaa kampasi ya Mlimani wakisoma uchumi na siasa. Kampasi inaweza kutoa wanajeshi bila jeshi kuombwa ruhusa.

Kinachoendelea sasa katika ukanda wetu ni tofauti na vyote hivyo, na kinastahili kutazamwa kwa makini. Wamarekani waliipeleka kambi chuoni. Sisi tunakileta chuo kambini. Gako, Rwanda, maofisa wanafunzi husomea shahada za Chuo Kikuu cha Rwanda, zikiwemo za udaktari na uhandisi, wakiwa ndani ya uzio wa jeshi. Chuo cha jeshi cha Monduli, Tanzania, sasa hutoa shahada ya sayansi ya kijeshi pamoja na kamisheni. Kenya ilikipa hati Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi mwaka 2021, na chuo cha maofisa cha Lanet kiko chini yake. Zaidi ya hapo, majeshi yetu huwachukua wahitimu wa kiraia wenye taaluma zinazohitajika, madaktari, wahandisi, wanasheria, na kuwapa mafunzo ya uofisa. Faida zake ziko wazi: ofisa msomi, nidhamu isiyoyumba, na hakuna mwandamanaji mlangoni. Hasara yake ni ileile aliyoihofia Partridge. Kijana anayepata shahada ndani ya uzio anasoma vitabu vilevile, lakini hakuna anayembishia kwenye semina akiwa amevaa kandambili. Hajui mwanafunzi wa sheria anafikiri nini kuhusu yeye, na mwanafunzi wa sheria naye, atakayekuwa mbunge au jaji, amewahi kuonana na ofisa kwenye gwaride la sherehe za uhuru tu.

Kwa Waswahili walioko Marekani suala hili limeshatoka kwenye nadharia. Louisville, mji uliojaa familia za Wakongo kutoka Kivu wanaozungumza Kiswahili sokoni na kanisani, uko chini ya saa moja kwa gari kutoka Fort Knox. Watoto wao wanaingia vyuo vikuu vya Kentucky, na meza ya ROTC huwa palepale kwenye wiki ya kuwakaribisha wageni. Anachoahidiwa kijana ni kikubwa: ada yote, au badala yake gharama za malazi na chakula, pamoja na dola 1,200 za vitabu kwa mwaka na posho ya dola 420 kwa mwezi wa masomo, kwa viwango vya miaka ya karibuni. Mzazi anayefanya zamu mbili kiwandani hawezi kulipuuza hilo, wala simlaumu.

Ila kuna mambo ambayo meza ile huyasema kwa sauti ya chini. La kwanza, kamisheni ni ya raia wa Marekani peke yao. Mwenye kadi ya kijani anaweza kuandikishwa askari wa kawaida, akapata uraia kwa njia ya utumishi, kisha akaomba mpango unaowatoa askari kambini na kuwarudisha chuoni wawe maofisa. Ni mzunguko mrefu, lakini upo. La pili, afya huchunguzwa kwa ukali, na pumu ya ukubwani inaweza kuyafuta matumaini yote. La tatu ndilo zito. Asiye na ufadhili anaweza kuhudhuria miaka miwili ya kwanza na kuondoka bila kudaiwa. Anafungwa anapoingia mwaka wa tatu na kutia saini. Mwenye ufadhili wa miaka minne ana mwaka mmoja tu wa kujifikiria. Siku ya kwanza ya mwaka wa pili ikifika, akiacha au akidisko, jeshi linaweza kumdai fedha zote au kumwita atumikie kama askari wa kawaida. Na mkataba wenyewe ni wa miaka minane, ambayo kwa kawaida minne hutumikiwa jeshi la kudumu na iliyobaki katika akiba. Atakayesaini akiwa na miaka 19 atakuwa huru akikaribia 30. Vita gani itakuwa imezuka katika muda huo, hakuna ofisa wa uandikishaji anayeweza kumwambia.

Nikiutazama mwenendo wa nchi zote hizi naona mstari mmoja. Ulipokuwa wa lazima, mpango ulizaa uvivu au rushwa. Ulipoachwa mlango wazi wa kutokea katika miaka ya mwanzo, uliwapata watu ambao chuo cha jeshi kisingewapata. Je, tuulete Afrika Mashariki? Kuna mahali unapoweza kusaidia. Mwanafunzi wa udaktari Muhimbili au wa uhandisi JKUAT humaliza akiwa na deni la bodi ya mikopo. Tanzania, HESLB hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Jeshi likilibeba deni hilo kidogo kidogo kwa kila mwaka wa utumishi, likamfunza uofisa wikiendi na likizo tangu mwaka wa pili, na likamwachia aondoke bila kisasi kabla ya mwaka wa tatu, litapata daktari aliyesoma na raia na anayewajua raia. Sharti ni kwamba sare ivaliwe siku ya mazoezi tu, na sheria itamke wazi kwamba ofisa mwanafunzi hatatumika kwa shughuli yoyote ya ulinzi au upelelezi kwenye kampasi.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalonifanya nisite. Mahali ambapo wanafunzi wakigoma kwa kucheleweshewa bumu hupambana na mabomu ya machozi getini, mwenzao mwenye kombati kabatini ataonekana jasusi hata akiwa hana neno na mtu, na chumba chake ndicho kitakachochomwa kwanza. Uandikishaji wa makuruta, ambao Kenya kila mwaka huandamana na malalamiko ya hongo na ya ukabila, nao ungehamia kwenye hosteli. Kwa hiyo jibu langu, kwa sasa, ni hapana kwa mpango wa jumla na ndiyo kwa jaribio dogo la tiba na uhandisi katika chuo kimoja au viwili, chini ya sheria iliyopitishwa na bunge na kujadiliwa na wanafunzi wenyewe kabla ya kusainiwa. Serikali isiyokuwa tayari kuijadili na wanafunzi iendelee na Monduli, Lanet na Gako.